Hodi ya Upande wa Kushoto

Wiki ile aliyofariki mume wangu, siku ya Jumamosi, mpira wa besiboli uliruka ua ukaangukia kwenye ungo wa mchele uani kwangu. Mchele ulikuwa wa kisomo cha marehemu. Tulikuwa wanawake wanne tunauchagua, tukatawanyika kama kuku. Tulipotulia tukangoja mtu aje kuuchukua mpira wake. Mtu hakuja.

Nieleze kwanza uwanja, maana bila uwanja hamtaelewa. Nyumba yetu iko njia ya Mbegani, karibu na maji. Ubavuni kuna kiwanja cha mchanga kilichobaki wazi minazi ya mume wangu ilipokufa kwa maradhi. Akaja mwalimu kijana wa sekondari, mchezo huu aliupata Dar es Salaam kwa Wajapani, akaomba vijana wachezee pale. Mume wangu akamwambia wacheze, minazi hairudi tena. Mimi nilisema watu wazima kupiga mpira kwa rungu na kukimbia kuzunguka mpaka walipotoka si kazi ya kupewa kiwanja. Akacheka, basi yakawa yamekwisha.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mmoja anarusha, wa timu nyingine anapiga, akishapiga anakimbia apitie vituo vitatu arudi alipoanzia. Akirudi salama ni bao. Wenzake yule aliyerusha wanautafuta mpira mbio wamzuie. Watatu kati yao husimama mbali kabisa nyuma, kulia, katikati na kushoto, kudaka ile mipira mirefu. Yule wa kushoto ndiye jirani yangu. Mgongoni mwake ni ua wangu wa makuti, na mlango wa uani uko hapo hapo.

Uwanja ni mfupi. Kwa hiyo mwalimu aliweka sharti kwamba mpira ukiingia uani bado unachezwa, mlinzi wa nyuma upande ule aingie autoe. Mume wangu alipokuwa hai hapakuwa na tabu. Alikaa karibu na mlango, na akiona mpira unakuja alisema "karibu" kabla kijana hajafika. Mara nyingine aliudaka mwenyewe akaurusha uwanjani, watu wakampigia makofi, naye akajifanya hasikii.

Sasa hayupo, na mimi niko eda. Mwanamke wa eda haonwi ovyo na wanaume wasio maharimu zake, yaani wasio wa damu yake, na nyumba yake haiingiwi na kila mpita njia. Kwa hiyo siku ile ya mchele tukasikia mzozo nje ya ua.

"Mpira umeingia eda," alisema mnadi. Huyu anapiga mnada wa samaki mjini Bagamoyo, na sauti yake haijui kunong'ona.

"Mpira hauna eda," akajibu fundi. Huyu wa pili ni fundi cherehani aliyeacha kazi kwa ajili ya macho, lakini futi ya kupimia bado anaivaa shingoni kila siku kama mkufu.

"Kilichomo ndani ya nyumba ya eda kimo edani. Wewe nenda kaingie tukuone."

"Mimi siingii. Nimesema tu."

Hao wawili ni rafiki wa mume wangu, mimi wananiita shemeji. Kila Jumamosi walikaa watatu kwenye benchi upenuni, karibu na mlango ule wa uani, chini ya dirisha la chumba changu, kuangalia mpira. Siku zile wakakaa wawili, mmoja huku na mmoja kule, katikati wameacha nafasi yake.

Mwalimu akauliza kwa adabu ni mwanamume gani anaweza kuingia. Wakahesabu. Wanangu wa kiume, mmoja yuko Mtwara, mwingine Dar. Ndugu zangu wamekwisha. Akabaki mjukuu wangu.

Mjukuu wangu ana miaka ishirini na miwili. Anatengeneza mashine za boti, na mikono yake ni hodari kwa boliti, lakini kitu kinachotoka hewani hajawahi kukishika. Miaka miwili alihudhuria mazoezi yote na miaka miwili hakuchezeshwa hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kutunza marungu. Jezi hakuwa nayo. Alivaa fulana ya kampeni ya uchaguzi uliokwisha zamani.

Akaingia, akanisalimu, akautoa mpira mcheleni, akapuliza vumbi la mchele, akasema, "Bibi, samahani." Alipotoka nikasikia mwalimu anamwambia, "Kuanzia leo wewe utasimama kushoto." Na jezi akapewa pale pale.

Yakawa hayo. Watu hawakumweka kwa sababu anadaka. Walimweka kwa sababu yangu mimi, mpaka eda itakapokwisha. Mimi nililijua hilo, naye alilijua, hatukulitaja.

Wifi yangu alitoka Saadani kuja kukaa nami. Ni dada wa mume wangu, mwanamke wa maneno. Mimi sikutaka kubishana na wanaume dirishani nikiwa katika hali ile, kwa hiyo nikitaka kusema neno namwambia wifi, wifi anatoa kichwa nje ya pazia na kulitangaza. Tabu yake ni kwamba neno likipita kwa wifi linatoka limenenepa.

Nikisema, "Waambie wapunguze sauti," yeye husema, "Mwenye nyumba anasema mmemkosesha kusali, na kama mmeshindwa kukaa kama watu rudini kwenu mkawapigie kelele wake zenu."

"Shemeji amesema yote hayo?" fundi huuliza.

"Na mengine nimeyaacha."

Wageni wa kwanza walipokuja ndipo ilipoonekana faida. Mtu wetu alipiga mpira ukaruka ua. Mlinzi wao akaja mbio mpaka mlangoni, mnadi akamwinulia mkono.

"Simama! Humu mna eda!"

Kijana akasimama. Ni mtoto wa watu, angefanyaje? Mtu wetu akazunguka vituo vyote akitembea. Nahodha wao akaja chini ya dirisha, akasema, "Bibi, poleni sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu," akarudi uwanjani kuendelea kufungwa. Walipopiga wao, mpira ukaingia kwangu, mjukuu akaingia akautoa. Wageni hawakuwa na maharimu ndani ya nyumba yangu. Sisi tulikuwa naye.

Timu ikashinda. Ikashinda tena. Vijana wetu wakajifunza kupiga upande wangu tu. Mimi ndani nahesabu siku na tasbihi yangu, mipira inaanguka kama maembe. Mmoja ulivunja mtungi. Mmoja uliingia jikoni ukanyamaza chini ya meza, tukaukuta kesho yake.

Eda ilipokaribia kwisha, mambo ya wale watatu wa nyuma yakaharibika. Yule wa katikati, mwenye mbio kuliko wote, aliingia majini kusaidia kusukuma mtumbwi akachomwa mguuni na mwiba wa taa, yule samaki. Yule wa kulia alitegua bega akivuta nyavu. Na mjukuu wangu akapigwa na mpira kwenye kidole gumba, kikawa kama ndizi mbivu. Wakacheza hivyo hivyo, kwa kuwa wengine hawakuwapo.

Jumamosi ile nilisikia kila neno kutoka chini ya dirisha.

"Haya tuwapange," alisema mnadi. "Katikati tuna mguu mmoja. Kulia tuna mkono mmoja. Kushoto tuna vidole tisa. Ukiwaunganisha watatu unapata mtu mmoja mzima, na bado hajui kudaka."

"Mguu unapungua," alisema fundi. Alikuwa anaupima kwa futi kila alasiri, kijana amekaa chini kanyoosha mguu kama anashonewa suruali. "Wiki iliyopita ungetaka kitambaa kingi. Leo naweza kumbana kidogo."

"Wewe unapima uvimbe au unapima pindo?"

"Napima ninachokiona."

"Kwa bega, achuliwe na mafuta ya nyonyo."

"Akichuliwa na wewe atapoteza na lile lililobaki."

"Basi wa katikati aende kulia, wa kulia aje katikati."

"Itasaidia nini? Kilema kitahama tu."

"Kitachanganya wageni!"

Wifi yangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeangalia kwa dirisha wiki nyingi, na nilikuwa nimeona jambo ambalo wale wawili, kwa kelele zao, hawakuliona. Kila mpira ukipanda juu, mjukuu wangu anakimbilia mbele. Anauona uko mbele yake, basi anaufuata. Lakini upepo wa alasiri unatoka baharini, unausukuma mpira nyuma. Anafika mbele, mpira unapita juu ya kichwa chake, anageuka anaukimbiza hadi kwangu.

Kisha mnadi akashusha sauti, yaani akafikia sauti ya watu wengine wanapoita.

"Dada, hebu njoo dirishani. Muulize shemeji. Eda yake inakwisha lini?"

"Alhamisi ijayo," wifi akajibu bila kuniuliza.

"Na Jumamosi wanakuja watu wa Dar. Lo! Muulize, hawezi kuongeza kidogo?"

"Kuongeza nini?"

"Siku. Wiki moja tu. Kwa heshima ya marehemu."

Hapo nilisimama. Nikamwambia wifi, "Waambie eda si mkopo wa kuombewa nyongeza. Mungu ameipanga siku zake, nami nimezikaa zote kwa ajili ya mume wangu, sikuzikaa kwa ajili ya besiboli."

Mara ile wifi alilitoa neno kama lilivyo. Hakuongeza kitu. Fundi ndiye aliyejibu, akasema, "Amesema kweli. Tumekosa. Tunaomba radhi, shemeji."

Magharibi mjukuu alikuja kunisalimia kama kawaida yake. Tangu utoto wake nilimwita "mume wangu" kwa utani, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao. Tangu msiba sikuweza kulitamka. Alikaa kwenye mkeka, kidole kimefungwa kitambaa.

"Bibi, kwa hiyo ni Alhamisi."

"Ni Alhamisi."

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaivuta jezi yake tumboni akaiangalia, kama mtu anayetafuta doa. "Mwalimu amempata mwingine. Kijana wa Kaole, seremala. Anadaka kwa mkono mmoja."

"Na wewe?"

"Mimi kuna marungu."

Sikumpa pole. Nilimwambia, "Ukiuona mpira uko juu, usikimbilie mbele. Rudi nyuma kwanza. Upepo utakuletea."

Akanitazama. "Bibi umejuaje?"

"Nina dirisha."

Alhamisi nikaoga, nikavaa nguo za rangi, wakaja wanawake wakasoma dua, tukala. Ijumaa jioni mwalimu akapiga hodi, nikamkaribisha. Akasema nyumba sasa iko huru, mtu yeyote anaweza kuingia kuchukua mpira, na mjukuu wangu angepumzika kwa ajili ya kidole. Nilimwambia asante kwa taarifa. Kidole hakikuwa na neno, hata yeye alijua.

Jumamosi sikukaa dirishani. Dirisha lile nilikuwa nimelishiba. Nilimchukua wifi tukaenda kukaa upande wa pili wa uwanja, kule wanakopigia, nikataka kuiona nyumba yangu kwa mbali. Mnadi na fundi wakabeba benchi lao wakatufuata. Tukakaa wanne. Ile nafasi ya katikati nikaikalia mimi.

Watu wetu wakapiga kwanza. Mpira ukaruka ua, mazoea. Mlinzi wa Dar akaenda mbio, akasukuma mlango wangu kwa teke, akaingia kama anaingia sokoni. Akatoka na mpira mkononi, na kanga yangu kutoka kwenye kamba imemzonga mguuni. Hata salamu hakutoa. Mtu wetu akatolewa.

"Shemeji, umeona?" mnadi akaniuliza.

"Nina macho."

Wakapiga wao. Walikuwa na watu wawili vituoni, na wa tatu akaupiga mpira juu, mrefu, ukapita kichwani kwa yule kijana wa Kaole ukaingia uani. Kijana akakimbia, kweli ana mbio. Akafika mlangoni, akasimama. Akajiweka pembeni ya mlango asione ndani, kama alivyofunzwa chuo cha Kurani, na huku mwisho wa uwanja tukamsikia.

"Hodi!"

Wa kwanza wa Dar akafika nyumbani. Bao.

"Ingia!" akapiga kelele mwalimu. "Ingia, eda imekwisha!"

"Hodi wenyewe!"

Ndani hapakuwa na mtu. Wenyewe tulikuwa kwenye benchi. Nikasimama nikaita, "Karibu!" Watu wa Dar walikuwa wanashangilia, kelele zao zikaimeza karibu yangu. Wifi naye akaita. Mnadi akaita kwa sauti yake yote ya mnada, lakini yule kijana akageuka akaona mwanamume anamkaribisha kwenye nyumba isiyo yake, akampuuza. Wa pili wa Dar akafika. Bao.

"Hodi!" mara ya tatu.

Akangoja kidogo. Kisha akafanya kile ambacho kila mtoto wa chuoni amefundishwa. Hodi tatu, hukuitikiwa, rudi. Akarudi mahali pake mikono mitupu, na wa tatu wa Dar akamalizia mzunguko akipunga mkono.

Mwalimu alikuwa ameshika kichwa. "Mpira uko wapi?"

"Hawapo, mwalimu!" kijana akajibu kwa mbali. "Nimepiga tatu!"

"Amepiga tatu kweli," alisema fundi. "Mimi nimehesabu."

"Wewe uko upande gani?" mnadi akamfokea.

"Upande wa adabu. Ulitaka aingie nyumba ya mjane haina mtu, kisha kesho kanga ikipotea tumsemeje?"

"Mabao matatu!"

"Kanga ni pea."

Mwalimu akamwita mjukuu wangu, ambaye alikuwa amekaa juu ya marungu yake na ile fulana ya uchaguzi. Akamvua jezi yule wa Kaole akamvisha yeye, imelowa vile vile.

Mpira mwingine ulipopanda, nilimwona akianza kwenda mbele. Mguu mmoja ukatoka. Kisha akaurudisha. Akarudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka mgongo ukagusa makuti. Mpira ukapita juu yake hata hivyo, maana ulikuwa mrefu. Lakini alikuwa tayari mlangoni. Hakupiga hodi. Nani anapiga hodi kwao? Aliingia akatoka, akarusha vibaya kama siku zote, mpira ukadunda njia nzima kama mbuzi, lakini ukafika, na mtu wa Dar akakwama kituo cha pili.

Tulifungwa siku ile. Yale mabao matatu ya hodi hayakurudi.

Walipoondoka wageni, mwalimu alikuja kwenye benchi, mjukuu wangu nyuma yake amebeba marungu na jezi bado anayo mwilini.

"Bibi," akasema mwalimu, "shikamoo tena. Nina ombi. Tunaomba utupe ruhusa ya moja kwa moja. Mchezaji yeyote akifika pale mlangoni ahesabu ameshakaribishwa. Ukisema neno hilo leo, yamekwisha."

Wote wakaniangalia. Mjukuu hakuniangalia. Alikuwa anahesabu marungu, na marungu yenyewe ni manne. Nilijua nikisema "ndiyo" jezi ile itavuliwa pale pale.

"Nyumba yangu haiingiwi bila hodi," nikasema.

"Lakini Bibi, marehemu alikuwa..."

"Marehemu alikuwa anakaa pale anasema karibu. Karibu yake ilikuwa na mtu."

"Basi labda wewe Bibi, siku ya mechi, ungekaa kidogo ndani uitikie..."

"Mimi? Nimekaa ndani miezi minne na siku kumi. Sasa nakaa hapa."

Mwalimu akainamisha kichwa. Mnadi ndiye aliyefumbuka kwanza. Nilimwona anasogeza midomo kama anapiga hesabu ya tenga la samaki.

"Shemeji. Hodi hiyo ni ya watu wetu tu, au na wageni?"

"Wageni ndio zaidi. Yule wa leo mlango wangu ameupiga teke. Wiki ijayo utakuwa na komeo, na mwenye kujua kulifungua ni mtu wa nyumba."

"Kwa hiyo mgeni atapiga hodi."

"Atapiga."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nimeshasema. Hapa kwenye benchi naangalia mpira."

Fundi akaivua futi shingoni akajifuta nayo macho kwa kicheko. Mwalimu alichelewa kidogo, kisha naye akaelewa, akanitazama kama vile sasa ndiyo mara ya kwanza kuniona. Akamgeukia mjukuu wangu. "Wewe," akasema, "hubanduki kushoto. Kidole kikioza utaweka kingine."

Nilichokisema kuhusu mlango wangu ni kweli, na ningekisema hata kama mjukuu angekuwa Mtwara. Na nilikisema kwa ajili yake. Yote mawili yalikuwamo, sioni sababu ya kuficha moja.

Tulirudi nyumbani nyuma ya wifi, ambaye alikuwa ameshaanza kulisimulia kwa majirani limenenepa. Mlangoni mjukuu akanisogelea.

"Bibi, umewanyima kwa sababu yangu?"

"Nimewanyima kwa sababu ya kanga yangu," nikamwambia. "Nenda kaoge, mume wangu, jezi ya mtu inanuka jasho."